Beji ya Pili ya Bi Kazija

Kila uchaguzi ulipokaribia kansili, yaani halmashauri ya mtaa, ilimpelekea Bi Sheikha kadi ya kura ya kumjulisha kituo chake, na kila kadi ilipoanguka mlangoni Bi Sheikha aliiokota, akaipangusa vumbi, akaenda kutafuta mkasi. Karatasi ngumu namna ile huipati ovyo. Aliikata vipande vya mraba, kila kipande akakitia nyuma ya beji moja ili pini isichane kitambaa. Kwake yeye hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kadi ya kura, na ungemuuliza angekwambia kwamba kwa karatasi, kansili yao ya pale Ilford, London, haina mpinzani.

Usimcheke kwanza. Ngoja nikwambie beji zenyewe zilikuwa za nini.

Ukiingia sebuleni kwake, ukutani mkono wa kulia limetundikwa baibui kuukuu, lile alilokuja nalo kutoka Unguja akiwa mke kijana. Juu ya baibui hilo beji zimejaa tele. Za wanawake wa Kiingereza waliofungwa jela kwa kudai kura, za watu weusi wa Marekani waliopigwa virungu wakienda kujiandikisha, za Afrika Kusini, za Namibia, hata moja ya Uswisi, ambako wanawake walingoja mpaka mwaka sabini na moja. Uswisi hiyo, bwana, ya saa na chokoleti! Zote ni beji za watu waliopigania kura. Za mpira hakuzitaka, za waimbaji hakuzitaka, na aliyemletea ya kampuni ya sabuni alirudishiwa papo hapo mlangoni.

Alianza zamani, alipokuwa akimtunza bibi mmoja wa Kiingereza huko Wanstead, jina lake Jennifer, aliyekuwa hawezi tena kuinuka kitandani. Siku moja bibi huyo alimfumbatisha kitu mkononi, beji ndogo ya zambarau, nyeupe na kijani. Akamwambia mama yake aliivaa siku aliyotoka jela. Bi Sheikha akauliza alifungwa kwa kosa gani, na bibi akamjibu kwamba alitaka kupiga kura, basi. Siku hiyo Bi Sheikha alipanda basi kurudi nyumbani akapitiliza kituo chake kwa mawazo.

Na yeye mwenyewe? Hajapiga kura hata siku moja. Mwanamke ana miaka sabini na moja, ukuta mzima umejaa kura za watu, yake hana! Pasipoti yake ilikuwa ile ile ya Tanzania, imelala kabatini chini ya mashuka, kwa sababu marehemu mumewe, Abdulwakil, kila mwaka alikuwa akisema mwakani tunarudi. Aliyemwandikisha kwenye daftari la kura ni huyo huyo Abdulwakil. Fomu ya kansili ilikuja na maneno ya kutishia faini, na yeye mtu wa kuogopa sheria, akajaza majina ya nyumba nzima, kisha hata yeye mwenyewe asiende kupiga kura. Tangu hapo kadi zikawa zinakuja. Bi Sheikha aliamini kansili imekosea, na kwamba siku akijitokeza na kadi ile mkononi, ataulizwa nani kamruhusu, kisha jina lake lipelekwe Home Office, kwa watu wa uhamiaji. Kwa hiyo alikata. Kukata hakukuwa na hatari.

Na kulikuwa na jambo jingine zaidi ya pasipoti, lakini hilo litakuja lenyewe.

Jumatatu moja, wiki ya uchaguzi, Hemant akampigia simu. Hemant huyu ni Mhindi wa Unguja, mtu wa mtaa wa Kiponda, mwenye kiduka ndani ya soko la Tooting anapouza stempu, sarafu za zamani na beji. Beji za kura peke yake ndizo hakuziuza. Alibadilishana tu, beji kwa beji, na ilikuwa lazima useme nani aliivaa na yalimfika nini. Yeye na Bi Sheikha walikuwa wakitaniana na kugombana juu ya kaunta hiyo kwa miaka.

"Bi Sheikha, njoo. Nina kitu chako."

"Changu, au cha kubadilishana?"

"Njoo tu, mama. Duka nafunga mwisho wa mwezi, nahamia Leicester kwa mwanangu. Sitaki niondoke nacho."

Sauti ya Hemant siku hiyo ilikuwa nyingine. Bi Sheikha akaona si mzaha, akabandua ukutani beji yake azizi kuliko zote, ile ya zambarau, ili asiende mikono mitupu. Akapanda treni, akabadilisha, akashuka Tooting Broadway.

Hemant hakumwambia karibu wala keti. Alifungua kopo la biskuti lenye kutu, akatoa karatasi iliyokunjwa, akaikunjua juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na beji ya bati, nyeupe, ukubwa wa shilingi ya zamani. Imechorwa mkono wa mwanamke uliotiwa hina, umeshika karatasi.

Bi Sheikha akajishika kifua. "Ya mama."

Aliijua. Alikuwa na miaka kumi alipoiona juu ya baibui la mama yake, Bi Kazija, asubuhi ya uchaguzi mwaka sitini na tatu. Ilikuwa zama za siasa, na kama hukuziona zama hizo, shukuru. Watu walikuwa hawasalimiani, hawaalikani harusini, hata kuzikana walikuwa hawazikani, kisa huyu wa chama hiki na yule wa chama kile. Kina mama wa Kiponda nao walikuwa hivyo hivyo, hawapeani hata chumvi. Lakini walikubaliana jambo moja. Siku ya kura watatoka pamoja, mikono imetiwa hina, na beji moja kifuani, isiyo ya chama chochote, kwa kuwa kila mmoja alitaka kura yake na hakutaka mume wala kaka amsemee. Aliyewatengenezea ni Bwana Mahendra, baba yake Hemant, muuza vifungo na nyuzi, aliyekuwa na mashine ndogo ya mkono ya kubana bati.

"Si ya mama yako," akasema Hemant. "Ya mama yako uliniambia aliitupa. Hii ni yako."

"Yangu?"

"Wenzake wote walichukua moja moja. Mama yako alilipia mbili. Baba akamuuliza, ya pili ya nani? Akamwambia, ya mwanangu. Bado mdogo, nikienda nayo nyumbani ataipoteza. Kaa nayo, Bwana Mahendra. Siku atakayopiga kura n'tamleta mwenyewe aichukue." Hemant akapangusa macho kwa mgongo wa mkono. "Kisha yakaja mapinduzi, yakatokea yaliyotokea, sisi tukaondoka, baba akaja nayo. Kabla hajafa aliniambia, Hemant, hii si mali yetu, ni amana. Apewe binti Bi Kazija siku akipiga kura. Mimi nikalipoteza kopo tulipohama nyumba. Miaka yote naona haya kukwambia. Juzi nahamisha rafu, nalikuta nyuma yake."

Bi Sheikha alikuwa akilia waziwazi, wala hakuona haya. Akaipekua pochi, akaiweka ile ya zambarau juu ya kaunta. "Chukua. Ndiyo bora niliyonayo. Nipe beji yangu."

"Sitaki kitu, ni yako bure. Niambie tu, nitimize wajibu. Mara ya kwanza ulipiga mwaka gani?"

Bi Sheikha akaanza kutafuta leso pochini.

Hemant, kwa mazoea ya muuza beji, akaigeuza ile ya zambarau atazame pini. Nyuma akaona kipande cha karatasi ngumu. Akavaa miwani. Jina la Bi Sheikha limeandikwa pale, nusu, na chini yake maneno ya kituo cha kura.

"Hii nini?"

"Karatasi."

"Karatasi gani?"

"Ya kansili. Wananiletea kwa makosa, nami sipendi kutupa kitu."

"Bi Sheikha!" Hemant alipiga kaunta hata sarafu zikaruka. "Unaikata kura yako kwa mkasi?"

"Kura yangu imetoka wapi? Mimi pasipoti yangu ya Tanzania!"

"Na Tanzania haimo Jumuiya ya Madola? Mtu wa Madola mwenye ruhusa ya kuishi hapa anapiga kura, tangu zamani. Mimi nilipiga kabla sijawa na pasipoti ya hapa. Ala! Miaka yote unakusanya beji za watu waliovunjwa mbavu, kadi yako unaifanya kiraka?"

"Usinipigie kelele, Hemant. Mimi si mtoto wako."

"Sikupigii kelele."

"Unanipigia. Nipe beji ya mama yangu niende zangu."

Hemant akavua miwani. Akaikunja karatasi taratibu, akairudisha koponi, akafunika. "Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Amana ina sharti lake, nawe ni Mwislamu unalijua hilo kuliko mimi. Kura Alhamisi. Nenda, rudi, nitakupa kwa mikono miwili."

Hapo Bi Sheikha akapandwa na hasira, na lile jambo jingine likatoka. "Mama huyo huyo unayemsema! Wewe ulishaondoka, hukuona. Walikuja na majina, Hemant. Walisimama mlangoni wakaita jina la mjomba wangu kwa sauti, akatoka na shati la ndani, hatukumwona tena. Mama akaitupa beji yake chooni. Akanishika masikio haya mawili akaniambia, Sheikha, jina lako usiliandike popote, wala asikuite nalo mtu wa serikali. Basi nimsikilize mama yupi?"

Hemant alitazama kopo. "Hayo ni ya mama yako nawe, dada yangu. Mimi nimeachiwa neno moja tu."

Bi Sheikha akainyakua beji yake ya zambarau, akaondoka bila kuaga.

Jioni alimkuta binti yake, Zainab, amekuja kula. Zainab kazaliwa London, anafanya kazi ofisi ya nyumba za kansili, na Kiswahili anakisikia chote ila kujibu anajibu kwa Kiingereza. Mimi nakuandikia kwa Kiswahili ili twende sawa.

"Eti mimi naruhusiwa kupiga kura?"

"Ndiyo, Mama. Kila mtu anajua."

"Mbona hukunambia?"

"Hukuniuliza. Na mimi mwenyewe sipigi, japo kadi yangu huja, na kituo ni hicho hicho chako. Wote wale wale tu."

"Hupigi!" Bi Sheikha aliweka kijiko chini. "Pasipoti ya hapa unayo, shule umesoma, gari unalo, hupigi?"

"Na wewe je?" akasema Zainab, akionyesha ukuta kwa uma wake. "Una makumbusho nzima na hupigi."

Khaa! Mtoto akikupata, amekupata. Bi Sheikha akaondoa sahani.

Kadi ya mwaka huu ilikuwa bado nzima, imebanwa mlangoni mwa friji kwa sumaku, inangoja mkasi. Siku mbili zile Bi Sheikha alipita mbele yake kama anampita mdai. Alifikiri mambo mengi, lakini mwisho wake lilibaki moja. Mama alisema maneno mawili. Lile la beji alilisema akiwa na furaha, hina mkononi. Lile la jina alilisema akiwa na hofu. Na yeye maisha yake yote ameshika la pili, si kwa kuwa ndilo la haki, ila kwa kuwa ndilo lililosemwa mwisho. Alipofika hapo aliona uchungu mkubwa, akamwonea huruma mama yake hata akashindwa kumaliza chai.

Jumatano baada ya alasiri akakoroga hina.

Mkono wa kushoto alijichora mwenyewe, vizuri, maua na majani. Wa kulia ulimshinda. Zainab alipopitia na maziwa akawekewa kikombe cha hina mbele yake.

"Mama, mimi sijui."

"Utajulia hapa hapa. Mkono huu ndio utakaoshika karatasi."

Zainab akachora, ulimi nje, majani yakatoka kama vidudu. Bi Sheikha akacheka mpaka akaambiwa atulie asiharibu. Kisha, huku mkono unakauka, akamsimulia mwanawe habari za kina mama wa Kiponda, na Bwana Mahendra na mashine yake, na lile kopo la biskuti. Habari za mjomba nazo akamsimulia, ambazo hajapata kumwambia. Zainab akaosha kikombe cha hina. Alipoondoka alisema kesho ataomba ruhusa kazini, atampeleka kwa gari.

Kituo kilikuwa ukumbi wa kanisa, nyuma ya maduka. Zainab akabaki garini na simu yake. Bi Sheikha alishuka na baibui jipya, ananukia udi mtaa mzima, kadi mkono mmoja na kadi yake ya basi ya wazee mkono mwingine, maana Zainab alimwambia hiyo inatosha kuwa kitambulisho. Mbele yake mlangoni kulikuwa na mwanamume kaja kupiga kura na mbwa. Bi Sheikha akakusanya baibui lake, akasema moyoni, Mola wangu, hata mbwa ameingia bila kuulizwa, mimi nina nini?

Ndani mna meza, na nyuma ya meza wamekaa wawili, mwanamke na kijana wa Kisikh mwenye kilemba cha buluu. Mwanamke akaitazama kadi ya basi, akamtazama usoni, akatabasamu. Kisha, kwa kuwa ndivyo utaratibu wao, akalisoma jina kwa sauti, ukumbi mzima usikie.

"Sheikha Mwadini Faki."

Bi Sheikha akashika ukingo wa meza. Mtu wa serikali ameliita jina lake, lote, la baba na la babu. Akangoja. Alikuwa akingoja kitu alichokiogopa tangu ana miaka kumi, na hakujua kitatokea mlango gani. Mbwa akapiga chafya. Kijana wa Kisikh akapiga mstari kwa rula, akasema, "Karibu, auntie," akampa karatasi.

Hakikutokea kitu kingine.

Kwenye kibanda alikuta penseli imefungwa kwa uzi. Penseli! Watu wamekwenda jela, wamevunjwa mbavu, kumbe chombo chenyewe ni kijipenseli kifupi cha kuandikia orodha ya sokoni. Alikishika kwa mkono wenye vidudu vya Zainab, akatia alama. Alimpa nani? Wewe nawe! Kura ni siri. Akakunja, akatumbukiza, mkono ukabaki juu ya sanduku.

"Ndiyo basi?" akauliza kwa Kiingereza.

"Ndiyo basi, mpenzi wangu," akajibu yule mwanamke.

Alitoka nje analia na kucheka, Zainab akaruka kutoka garini akidhani kaanguka.

"Wameniita jina langu," akasema Bi Sheikha. "Wameniita mbele za watu, na niko hapa."

Tooting walifika alasiri. Hemant aliwaona kwa mbali, akaitazama mikono ya Bi Sheikha. Alifungua kopo, akakunjua karatasi, akamkabidhi beji kwa mikono miwili kama alivyoahidi.

"Bi Kazija alisema atakuleta mwenyewe."

"Kanileta," akasema Bi Sheikha.

Akaibana beji kwenye mtandio, karibu na bega. Hemant akampa kioo kidogo cha kujitazamia, akajitazama, akajigeuza, akajitazama tena. Waligombana kidogo kama pini imekaa upande. Kisha Zainab akanyoosha kidole akaugusa ule mkono wa hina juu ya bati.

"Nzuri sana, Mama," akasema kwa Kiingereza chake. "Siku moja utaniachia mimi?"

Bi Sheikha akamtazama mwanawe. Kisha akamtazama Hemant, kwa muda kidogo. Akaibandua beji mtandioni, beji iliyomngoja miaka sitini naye akaivaa kwa kitambo kisichotosha hata kumaliza kikombe cha chai, akaiweka juu ya kaunta.

"Hemant, hii ya mwanangu. Bado mdogo, nikienda nayo nyumbani ataipoteza. Kaa nayo. Siku atakayopiga kura n'tamleta mwenyewe aichukue."

"Bi Sheikha, nafunga duka, nimekwambia."

"Duka utafunga. Amana hufungi."

Hemant akaelewa. Akaikunja karatasi juu ya beji, pole pole, makusudi, huku akimchungulia Zainab juu ya miwani. Zainab alikuwa amekasirika, umri wote ule aitwe mdogo mbele ya watu. Aliitazama karatasi ikikunjwa. Aliutazama mkono wa kulia wa mama yake, na yale majani yake mabaya yaliyoshika kura asubuhi. Akatoa funguo za gari mfukoni.

"Pale kanisani wanafunga saa ngapi?" aliuliza, na aliuliza kwa Kiswahili, kizito, cha mtu asiyekizoea mdomoni.

"Saa nne za usiku," akasema mama yake.

"Basi twende, Ma, njia itajaa magari." Akageuka mlangoni. "Na wewe, mjomba, kesho unafungua saa ngapi?"

"Hufungua saa tatu," akasema Hemant, na kopo lipo kifuani pake. "Lakini kesho n'tafungua saa mbili."